Kurudia KCSE ukiwa Lamu: darasani, tuisheni au peke yako?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, baraza yangu hapa Langoni haikosi wageni. Huja kijana, nyuma yake mama au mjomba, na mara nyingi kila mmoja ameshakata shauri njiani. Mama anataka mtoto arudi shule avae sare. Mjomba ana rafiki mwenye tuisheni. Kijana mwenyewe anataka aachwe na simu yake na karatasi za mitihani iliyopita, ati atasoma. Halafu wote wananigeukia mimi niamue. Mimi nafundisha tuisheni ya Hisabati na Kemia, na tuisheni ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba, kwa hivyo nisomeni mkilijua hilo. Nitajaribu kuzipima njia zote tatu kwa mizani moja, na pale nitakapoielemea biashara yangu mtaniona.

## Kabla ya njia, hesabu

Binti mmoja wa mtaani aliniletea karatasi yake ya matokeo imekunjwa mara nne. Nyumbani walishamwambia amefeli. Nikaitandaza juu ya mkeka: Kiswahili B, Dini ya Kiislamu B+, Kiingereza C, Historia C, Biashara C, Hisabati D+, Biolojia D+, Kemia D. Wastani C.

A ina pointi 12, na kila gredi unayoshuka inakula pointi moja mpaka E yenye pointi 1. Tangu mtihani wa 2023, KNEC, yaani baraza la mitihani, huhesabu Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora. Tukajumlisha pamoja, yeye akitaja na mimi nikiandika: Hisabati 4, Kiswahili 9, Dini 10, Kiingereza 6, Historia 6, Biashara 6, Biolojia 4. Jumla 45. Kemia yake ya pointi 3 ilibaki nje ya hesabu. Sasa, C ni pointi 39 hadi 45, C+ ni 46 hadi 52, na C+ ndiyo mlango wa shahada. Binti alikuwa amekosa mlango kwa pointi moja. Mwenzake mwenye C ya pointi 39 ana karatasi yenye herufi ile ile, lakini yuko pointi saba nyuma. Ukiwapa hao wawili ushauri mmoja, umemdhulumu mmoja wao.

Kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Ukirudia ili upate wastani mpya, unafanya upya masomo yasiyopungua saba, na gredi za zamani hazikufuati. Ile B+ ya Dini uliyoipata mwaka jana haikuwekei nafasi. Binti wetu akipandisha Hisabati hadi C- lakini Kiswahili kikateremka hadi B-, amerudi pale pale kwenye 45 baada ya mwaka mzima wa jasho. Nafuu ni kwamba cheti cha kwanza hakifutwi. Ukifanya vibaya mara ya pili, cha kwanza bado ni chako. Lakini mtu anayeniambia "mimi narudia Hisabati tu" nampa kiti akae, tuanze mazungumzo upya.

Kisha namuuliza anataka nini hasa, maana "nataka kuendelea na masomo" si jibu. Kama binti anataka ualimu wa sekondari, anahitaji wastani wa C+ na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Kiswahili na Dini anavyo tayari, amepungukiwa na ile pointi moja tu. Kama anataka diploma ya uuguzi pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, mambo yanageuka kabisa: wastani wa C anao, lugha anayo, ila Biolojia inatakiwa C, na Hisabati, Kemia au Fizikia mojawapo iwe C-. Hapo kazi ni kupanda ngazi mbili katika somo lenye mtihani wa vitendo, na nyingine moja katika Hisabati. Karatasi ni ile ile, binti ni yule yule, lakini huyu wa pili anahitaji maabara na yule wa kwanza haihitaji sana.

La mwisho kabla ya kuchagua ni jaribio la alasiri moja. Chukua karatasi ya Hisabati ya mwaka wowote, funga simu, weka saa mbili na nusu, fanya. Kesho yake sahihisha kwa mwongozo wa kusahihisha, na kando ya kila alama uliyoipoteza andika herufi moja: S kama hukujua, K kama ulijua ukakosea, M kama muda ulikuishia. Binti alipata 31. Katika zile 69 alizopoteza, S zilikuwa 22, K zilikuwa 30, na M 17. Alikuwa amebadilisha alama ya kutoa ikawa ya kujumlisha, amesahau kugeuza dakika kuwa saa, amenakili 6 yake mwenyewe akaisoma 0. Na swali zima la latitudo na longitudo, alama 10, aliliruka bila hata kulisoma, ilhali baba yake ni nahodha na ameshamsikia mara elfu akisema digrii moja ni maili 60 za baharini.

Herufi hizo ndizo zinazochagua njia, kuliko mama na kuliko mjomba. S nyingi zinadai mwalimu. K nyingi zinadai karatasi nyingi na mtu mkali wa kuzisahihisha. M zinadai saa ya ukutani, ambayo dukani haina bei kubwa.

Kwa hiyo kila njia nitaiuliza mambo manne: inakula pesa kiasi gani, maabara iko wapi, nani atasahihisha kazi yako, na siku yako itakwendaje. Kalenda ni moja kwa wote. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, mitihani ya vitendo huanza kama Oktoba, na karatasi nyingi za kuandika ni Novemba. Na tusisahau kwamba darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, linafanya KCSE mwaka 2027. Yule aliyekuwa akisema "nitarudia nikishapumzika miaka miwili mitatu" asipumzike sana.

## Kurudi darasani

Pesa. Bweni ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, halafu uongeze sare, godoro, sanduku, na nauli ya boti na basi kama umepata nafasi bara. Shule ya kutwa ni nafuu mno kwa aliye karibu nayo, kwa sababu unakula kwa mama na unalala kwa mama. Si kila mwalimu mkuu anapokea mwanafunzi anayerudia. Wapo wanaotazama gredi zako za kwanza na tabia zako, na wapo wanaosema darasa limejaa, basi. Ukikubaliwa, uliza siku ile ile nani analipa ada ya mtihani, usije ukaambiwa ghafla dirisha la usajili likikaribia kufungwa.

Maabara. Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine, wala sitaificha. Kemia ina karatasi tatu: mbili za nadharia za alama 80 kila moja, na ya vitendo ya alama 40. Huwezi kuijifunza bureti, ule mrija wenye bomba wa kupimia tindikali, kwa video. Nimewaona vijana wanaojua mlingano wote kwa moyo, wakishika bureti mkono unatetemeka. Anafungua bomba, tindikali inateremka kwa mkondo, rangi ya waridi inatoweka yote kwa mpigo mmoja naye ameshapita mahali pa kusimama kwa sentimita nzima ya ujazo. Mwenzake aliyefanya mara kumi anaizungusha flaski kwa mkono wa kulia, wa kushoto umekumbatia bomba, anateremsha tone, anasubiri, tone jingine, anasubiri, anainama jicho lake liwe sawa na mstari wa maji, anasoma.

Jedwali lile la usomaji lina alama 5, na si zote za ustadi. Moja ni ya kulijaza lote. Moja ni ya kuandika desimali kwa namna moja: ukianza na 24.5 usimalizie na 24.50, na ukiandika desimali mbili ya pili iwe 0 au 5. Moja ni ya kuchukua wastani wa zile zinazokaribiana tu, zisizopishana zaidi ya 0.2. Zilizobaki mbili ni za usahihi, ukilinganishwa na matokeo ya mwalimu wa kituo chako. Aliyesoma shuleni anazijua hizi kama anavyojua njia ya chooni. Anayesoma nyumbani mara nyingi hazijui mpaka siku ya mtihani.

Anayesahihisha. Wapo walimu, tena baadhi yao huitwa na KNEC kusahihisha, na hao wanajua alama inatolewa kwa neno gani. Ipo mitihani ya mwigo. Kasoro ni wingi: darasa likijaa, insha yako inarudi na alama ya vema na gredi, bila kuambiwa ulipotelea wapi.

Siku. Kengele inakuamsha, kengele inakulaza. Kwa mtu ambaye nyumbani ana wadogo wanne na televisheni, hii ni rehema. Ila utasomeshwa yote, hata unayoyajua, kwa mwendo wa darasa. Na iko aibu, tusijifanye haiko. Kukaa dawati moja na mdogo wako uliyekuwa ukimbebea mkoba si jambo jepesi, na nimewaona wawili walioacha mwezi wa pili kwa hilo tu. Wengine siku saba za mwanzo ndizo ngumu, baadaye hakuna anayekumbuka.

Inamfaa aliye mbali na gredi anayoitaka, pointi tano, sita, saba, ambaye herufi zake nyingi ni S, na anayetaka kozi inayodai sayansi. Pia anayetaka kufanya tena Kilimo au Kompyuta, kwa sababu masomo hayo yana mradi unaofanywa kwa miezi chini ya macho ya mwalimu.

## Mtahiniwa wa kibinafsi, na tuisheni jioni

Hapa unajisajili mwenyewe kwa mtihani, bila kuwa mwanafunzi wa shule. Pesa. Unalipa kwa somo au kwa mwezi, na bei ni maelewano. Mmoja atakwambia hivi, wa mlango wa pili atakwambia vile. Ada ya mtihani ni juu yako, na inakuja mapema mwaka kabla hujajua hata kama utamaliza. Jumla yake, ukichukua masomo mawili au matatu tu, huwa chini ya bweni. Ukichukua yote saba, keti upige hesabu tena, pengine shule ya kutwa ingekuwa rahisi.

Maabara. Tuisheni nyingi hazina. Yangu haina. Ninachofanya ni kuzungumza na shule, tukapewa chumba Jumamosi kadhaa, na wanafunzi wanachangia kemikali. Anayekwambia atakufundisha vitendo kwa kuchora ubaoni anakuuzia mchoro. Muulize kwa adabu: "Mwalimu, maabara tutaingia lini, na wapi?" Jibu lisipokuwa na siku na mahali, lihesabu kuwa hapana. Muulize pia utafanyia mtihani kituo gani, maana watahiniwa wa kibinafsi hupangiwa vituo na usajili wao hupitia ofisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo. Hilo mwalimu wa tuisheni hawezi kulimaliza kwa niaba yako akiwa amekaa nyumbani.

Anayesahihisha. Hapa kuna dhahabu na kuna takataka, na mlangoni vyote vinang'aa. Mimi mwenyewe nilirudia. Nililipia kituo kimoja, sitakitaja, miezi minne. Mwalimu wa Fasihi alikuwa na sauti nzuri na alikuwa akituigizia tamthilia mpaka tukicheka machozi. Agosti nikakutana na rafiki wa shuleni, akaniuliza, "Hiyo bado mnaisoma? Si iliondolewa?" Kituo kilikuwa kinatumia nakala za zamani. Vitabu teule vilishabadilishwa na mimi nilikuwa nimehifadhi wahusika wa kitabu ambacho hakuna atakayeniuliza habari zao. Nikakimbizana na vitabu vipya wiki zilizobaki. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachomshauri mtu ni kuomba kuona daftari la mwanafunzi wa mwaka jana wa tuisheni hiyo. Daftari halidanganyi. Kama limejaa maandishi ya mwanafunzi bila wino mwekundu, huko wanauza madawati.

Ikiwa mwalimu ni mzuri, lakini, hakuna njia inayokaribia hii kwa zile K. Watu wanane chumbani, kila mmoja anafanya swali lake, mwalimu anapita nyuma ya mabega. Anakukamata pale pale unapogeuza alama, kabla kosa halijawa tabia. Binti wa baba nahodha nilimkamata hivyo: kila akivusha namba upande wa pili wa mlingano, anainua kalamu, anavuta pumzi, na alama inapotea katika ile pumzi. Nilimwambia asiinue kalamu. Kijambo kidogo hivyo, lakini usingekiona kwenye karatasi iliyokwisha kufanywa.

Siku. Kwetu ni baada ya Alasiri mpaka Magharibi kukaribia, na kwa wafanyao kazi, baada ya Isha. Anaweza kuja wa madrasa, anaweza kuja anayeuza duka, anaweza kuja mama mwenye mtoto mchanga (ninaye mmoja, mtoto analala juu ya mkeka na hajawahi kutusumbua kama wanavyosumbua wakubwa). Ila asiyekaa mjini ana taabu. Nilikuwa na kijana wa Kizingitini aliyejaribu kuja kila wiki. Boti zipitazo Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, zinangoja maji yajae, na maji hayaijui ratiba ya tuisheni. Wiki ya bamvua, maji yanapojaa sana, anawahi; wiki ya maji mafu, yanapojaa kidogo, anafika tumeshafunga. Mwishowe alihamia kwa shangazi yake Mkomani, hapa mjini, na hapo ndipo masomo yalipoanza. Kama uko Pate au Faza, gharama halisi ya tuisheni ya mjini ni mahali pa kulala.

Inamfaa mwenye pointi moja mpaka nne za kutafuta, masomo mawili au matatu yanayomvuta chini, na yaliyobaki anaweza kuyashikilia mwenyewe yasiteremke. Hilo la mwisho husahauliwa. Wanakuja kwangu kwa Hisabati, wanaacha Historia ikilala, na Novemba Historia inawalipiza.

## Peke yako

Pesa. Ada ya mtihani, karatasi za miaka iliyopita, vitabu vya kuazima, bando. Hakuna rahisi kuliko hii. Ukiwa na pesa kidogo za ziada, nunua ripoti za KNEC za mtihani. Zinaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, na ni afadhali kuliko vitabu vingi vya maswali na majibu vinavyouzwa.

Maabara. Hakuna. Ukiwa na sayansi mbili, karatasi za vitendo ni alama 40 kati ya 200 katika kila moja, na huwezi kuziacha ziende na maji. Fanya mpango wa siku chache tu: mwombe mwalimu wako wa zamani akuruhusu uingie na Kidato cha Nne wanapofanya vitendo vya mwigo. Wengi hukubali ukienda mwenyewe na heshima zako. Ukimtuma mzazi huwa kesi.

Anayesahihisha. Ndipo penye shimo. Hisabati unaweza kujisahihisha, mwongozo unaonyesha kila hatua ina alama ngapi. Insha huwezi. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni insha mbili, ya kwanza ya lazima, alama 20 kwa 20, na hakuna mtu anayeweza kujihukumu insha yake kwa haki. Tafuta mtu mmoja, mwalimu mstaafu, dada aliyeko chuoni, umpelekee insha moja kila Ijumaa.

Na hapa niseme na watu wa Lamu wenzangu. Sisi hudhani Kiswahili ni chetu kwa hivyo hakihitaji kusomwa. Karatasi ya pili ina alama 80, na 40 kati ya hizo ni matumizi ya lugha: ngeli, minyambuliko, uakifishaji, aina za sentensi. Mtoto aliyekua akisema *nti* na *mato* na *ndoo hapa* ana utajiri ambao wa bara hana, lakini mtihani unauliza nchi na macho na njoo, na unamtaka aeleze kwa nini. Nimewaona wana wa washairi wakipata C ya Kiswahili. Mwenzao wa Mpeketoni aliyekisoma kama lugha ya kigeni anachukua A-.

Siku. Yako yote, na ndiyo hatari. Nyumbani ukionekana umekaa na kitabu, unatumwa sokoni, kwa sababu kukaa si kazi. Maktaba ndani ya Ngome ni pahali pazuri. Kuta nene, baridi, na wazee wa Mkunguni, uwanja wa mbele yake, wako nje na habari zao. Ngome hiyo ilikuwa jela mpaka 1984, na nawaambia vijana wajihesabu wamefungwa mpaka Novemba. Nenda saa mbili asubuhi kama anayekwenda ofisini, rudi adhuhuri. Karatasi moja nzima kwa saa kila siku ya pili, siku ya katikati ni ya kusahihisha na kuandika herufi zako. Kila baada ya karatasi tano hesabu S, K na M upya. Kama S hazipungui kwa miezi miwili, usijisifu kwa bidii. Hayo usiyoyajua hayatajifundisha yenyewe, mtafute mwalimu kwa mada hizo tu.

Simu sina ugomvi nayo, iko mifano mizuri ya Hisabati humo. Ugomvi wangu ni kwamba kutazama mtu akifanya swali kunakupa raha ya kulijua bila kulijua. Tazama, funga, lifanye mwenyewe kwenye karatasi. Usipoweza, hukuwa umejifunza, ulikuwa umestarehe.

Inamfaa mtu ambaye K na M ndizo nyingi, aliyeanguka kwa ugonjwa au msiba wa mwaka ule kuliko kwa kutojua, mwenye kazi ambayo hawezi kuiacha, na ambaye ameshawahi kumaliza jambo refu bila kusukumwa. Kama hata juzuu moja hukuwahi kuimaliza bila mwalimu kukufuata nyumbani, unajijua.

## Ukiwa hivi, anza hapa

Una pointi 44 au 45, masomo ya lugha na Dini yako imara, Hisabati ndiyo mwiba: tuisheni ya Hisabati pekee, mengine mwenyewe kwa karatasi mbili za kila somo kwa mwezi ili yasishuke. Usirudi bweni kwa pointi moja isipokuwa nyumbani hakusomeki.

Una 39 au 40 na unataka shahada: darasani, kama utakubaliwa. Pointi sita au saba ni ngazi moja karibu katika kila somo, na hilo halifanyiki kwa jioni tatu za wiki. Nimejaribu. Wawili katika wengi walifaulu, na wote wawili walikuwa wameacha kila kitu kingine.

Unataka kozi ya afya na tatizo ni Biolojia au Kemia: nenda palipo na maabara, hata kama ni ghali zaidi, hata kama ni shule usiyoipenda.

Unafanya kazi, una mke au mume au mtoto: kibinafsi. Kama unaweza, chukua tuisheni ya somo moja, lile lenye S nyingi. Wapumzishe watu wa nyumbani kwa kuwaambia mapema kwamba Oktoba na Novemba hutakuwepo ingawa utakuwa umekaa pale pale.

Uko visiwani mbali na mji: shule ya sekondari iliyo karibu nawe kwanza, hata ndogo. La sivyo, peke yako miezi ya mwanzo, kisha uhamie kwa jamaa mjini tangu Agosti kwa vitendo na mitihani ya mwigo.

Una C- au C, na kila ukifikiria mwaka mwingine wa KCSE kifua kinabana: fikiria kutorudia. Kwa C- unaingia diploma, na mwenye diploma nzuri huweza kuendelea hadi shahada. Ni njia ndefu kidogo, lakini mwishoni mwa miaka miwili au mitatu una ujuzi mkononi. Kwa baadhi ya vijana waliokuja barazani mwangu hilo ndilo lililokuwa jibu, na mimi nikapoteza mteja.

Yule binti wa pointi 45 alikaa siku nne akifikiri. Alichagua ualimu, si uuguzi, kwa hivyo maabara haikuwa lazima sana. Alichukua cheti na kitambulisho, akaenda kwenye ofisi ya elimu wiki ya kwanza ya usajili kabla foleni haijaanza. Jioni huja na daftari lenye safu tatu, S, K, M. Jana K zilikuwa saba. Bado anainua kalamu akifika kwenye alama ya sawa, lakini sasa akiiinua ananitazama.